Kabla ya kuliacha jina la Yesu, tusome historia ya Jina lenyewe

Baba yangu mdogo anaitwa Elia. Ana miaka 72, amekuwa mzee wa kanisa kwa zaidi ya miaka 30, na mwezi uliopita alinipigia simu usiku kuniuliza kama ni kweli kwamba maisha yake yote amekuwa akimwomba mungu wa Wagiriki. Alikuwa ametumiwa video kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mhubiri wa video hiyo anafundisha kwamba "Yesu" ni jina la Zeus lililofichwa, kwamba "Mungu" na "Bwana" ni vyeo tu vilivyopachikwa na wageni, na kwamba anayetaka wokovu abatizwe upya kwa jina la "Yahusha", mwana wa "Yahuah". Baba mdogo si mtu wa kuyumbishwa ovyo. Lakini aliniambia kwamba Jumapili iliyotangulia alishindwa kufungua ibada kwa sala, kwa kuwa hakujua aanze kwa kumwita nani.

Video za aina hiyo zimeshika kasi kwa Kiswahili, na zimekuja sambamba na nyingine za upande wa pili kabisa. Hizo nyingine hutengenezwa na vijana waliosoma kidogo habari za akiolojia. Wanasema Yahweh, Mungu wa Israeli, alikuwa mungu mdogo wa jangwani, alikuwa na mke, baadaye makuhani wakamkweza, kwa hiyo Uyahudi na Ukristo ni hadithi za kuazima. Makundi haya mawili hayapikiki chungu kimoja, lakini yanashikilia dhana moja: kwamba imani ya kweli sharti iwe na jina moja safi tangu mwanzo, na jina likibadilika basi imani imechakachuliwa. Hapo ndipo wote wanapokosea. Ukifuata ushahidi uliopo, ndani ya Biblia na ndani ya udongo, unakuta imani ya Israeli ilikua kwa kukusanya majina, kuyakataa mengine, na hatimaye kulifunika lile kuu kuliko yote, Yahweh, yaani kuacha kulitamka na kuweka neno jingine mahali pake. Ukristo ulizaliwa wakati Jina limekwisha kufunikwa, na neno ambalo wafuasi wa kwanza walimkiri nalo Yesu ndilo lile lililokuwa limekaa mahali pa Jina. Anayeling'oa neno hilo ili arudi kwenye chanzo, analing'oa pamoja na ungamo lenyewe.

Tuanze na jina la zamani. Mwaka 1928 mkulima mmoja katika pwani ya Syria aligonga kaburi la kale alipokuwa akilima, na mwaka uliofuata wachimbaji wa Kifaransa wakaanza kuufukua mji wa Ugarit, ulioangamia miaka ya 1180 KK. Humo walipata vibao vya udongo vyenye tenzi za miungu. Mkuu wa baraza la miungu hiyo anaitwa El, mzee mwenye mvi na huruma, baba wa miungu na wanadamu. Mkewe ni Athirat, ambaye Biblia inamwita Ashera, na mwenye mvua na radi ni Baali. Sasa fungua kitabu cha Mwanzo. Melkizedeki anabariki kwa jina la El Elyon, Mungu Aliye juu sana. Ibrahimu anatokewa na El Shadai. Yakobo anajenga madhabahu na kuiita El-elohe-Israeli. Hajiri, mjakazi Mmisri aliyekimbilia jangwani na mimba yake, anamwita Mungu El Roi, Mungu aonaye, na yeye ndiye mtu wa kwanza katika Biblia kumpa Mungu jina. Hata jina la taifa, Israeli, limembeba El. Mwandishi wa Kutoka 6:3 aliliona jambo hili wala hakulificha. Anamnukuu Mungu akimwambia Musa kwamba aliwatokea mababu "kama Mungu Mwenyezi, bali kwa jina langu YEHOVA sikujulikana kwao." Kwa maneno mengine, Biblia inasimulia yenyewe kwamba jina lilibadilika, na inaeleza badiliko hilo kama ufunuo.

Jina la pili, Yahweh, ambalo Biblia yetu hapo juu imeliandika YEHOVA, lilitoka kusini. Wimbo wa Debora katika Waamuzi 5, ambao wengi wanauhesabu kati ya mashairi ya kale kabisa ya Biblia, unamwona Mungu akitoka Seiri na kupanda kutoka Edomu. Habakuki anasema alikuja kutoka Temani. Nje ya Biblia, kaskazini mwa Sudan ya leo, kuna hekalu la Soleb lililojengwa na Farao Amenhotep III katika karne ya 14 KK. Katika orodha ya nchi na watu iliyochongwa humo imo "nchi ya Shasu wa Yhw". Shasu walikuwa wafugaji wa kuhamahama waliozunguka jangwa la kusini na mashariki ya Kanaani. Wataalamu hawajakubaliana kama Yhw hapo ni jina la mahali au la mungu, lakini maandishi hayo na mashairi ya Biblia yanaelekeza kidole upande mmoja. Karne tano baadaye hakuna tena ubishi. Jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, lililopatikana Dhiban nchini Jordan mwaka 1868 na sasa liko katika makumbusho ya Louvre, Paris, linajigamba kwamba Mesha aliteka vyombo vya Yahweh kutoka mji wa Nebo akavikokota mbele ya mungu wake Kemoshi. Huyu ni adui anayeandika karibu mwaka 840 KK, na anajua vizuri Mungu wa Israeli anaitwa nani.

Sasa tuje kwenye ile habari ya mke, kwa sababu ndiyo inayotangazwa sana. Mwaka 1975 na 1976, huko Kuntillet Ajrud katika jangwa la Sinai, wanaakiolojia walifukua kituo cha wasafiri cha miaka ya 800 KK hivi. Humo mlikuwa na mitungi mikubwa iliyoandikwa kwa wino. Maneno yake ni ya kawaida sana, kama salamu tunazoandika mwanzoni mwa barua: nimekubariki kwa Yahweh wa Samaria na kwa ashera yake. Kwingine inasemwa Yahweh wa Temani na ashera yake. Kama ashera hapo ni mungu wa kike au ni mti wa ibada uliosimikwa kwenye madhabahu, mjadala bado unaendelea. Jumuiya ya Wayahudi wa Elephantine, kisiwani kwenye Mto Nile karibu na Aswan, inatupa picha ya karibu zaidi. Walikuwa na hekalu lao la Yahu, likabomolewa mwaka 410 KK, na mwaka 407 wakamwandikia liwali wa Yuda kuomba kibali cha kulijenga upya. Imebaki pia orodha yao ya michango. Ni orodha ambayo mhazini yeyote wa usharika angeitambua: jina la mtu, jina la baba yake, shekeli 2 za fedha, jina la mtu, jina la baba yake, shekeli 2. Mwishoni kuna hesabu ya mgawanyo, na fedha za Yahu zimewekwa kwenye karatasi ile ile pamoja na za miungu mingine, Eshembetheli na Anatbetheli.

Vijana wa video hulichukua hili kama mshtuko unaobomoa kila kitu. Kwa haki yao, wana jambo moja la kweli: dini ya watu wa kawaida katika Israeli ya kale haikuwa ile inayofundishwa kwenye shule ya Jumapili. Waliobariki kwa Yahweh na ashera yake hawakujiona waasi. Lakini hitimisho lao halifuati. Yoshua 24:2 inasema wazi kwamba mababu waliitumikia miungu mingine ng'ambo ya Mto. Wafalme wa Pili 23:6 inasimulia mfalme Yosia akiitoa Ashera ndani ya hekalu la Yerusalemu na kuichoma kwenye bonde la Kidroni, karibu mwaka 622 KK. Kitu kinachotolewa hekaluni kilikuwamo hekaluni. Mitungi ya Sinai imetuonyesha walichokuwa wakipigana nacho manabii, na imeonyesha kwamba mapambano hayo yalikuwa makali na marefu. Imani katika Mungu mmoja iliyopatikana kwa kubishana karne nyingi ina asili yake kwenye mabishano hayo, na sioni kwa nini hilo liifanye kuwa bandia. Tena angalia manabii walichagua nini. Hakuna nabii aliyesema jina El liachwe. El na Yahweh waliunganishwa wakawa mmoja, na majina yao yakakaa pamoja kwa amani. Jina lililopigwa vita ni la Baali.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati ambayo wasomaji wa lugha nyingi hawana. Neno "baali" si jina la mtu kwa asili yake. Kwa Kiebrania maana yake ni mwenye mali, mkuu, na pia mume wa mwanamke. Yaani ni neno letu "bwana" karibu kila upande, maana kwetu pia mwanamke husema "bwana wangu" akimtaja mumewe. Kuna wakati Waisraeli walimwita Yahweh hivyo bila kusita. Sauli, mfalme aliyetiwa mafuta, alimzaa mtoto akamwita Eshbaali, kama inavyosema 1 Nyakati 8:33, na mmoja wa mashujaa wa Daudi anaitwa Bealia katika 1 Nyakati 12:5, jina linalosema wazi kwamba Yah ndiye Baali, Yah ndiye Bwana. Baadaye neno likachafuka kwa kushirikiana na mungu wa mvua, na katika vitabu vya Samweli mtoto yule wa Sauli anaitwa Ishboshethi, mtu wa aibu. Kisha anakuja Hosea 2:16, kwa tafsiri tunayoisoma makanisani tangu 1952: "Na siku ile itakuwa, asema BWANA, utaniita Ishi, wala hutaniita tena Baali." Isome polepole. Ishi ni "mume wangu", neno la upendo. Baali ni "bwana wangu", neno la mwenye kumiliki. Na anayesema usiniite tena bwana, kwenye Biblia yetu ameandikwa BWANA. Nimekaa na mstari huu kwa miaka. Unaonyesha kwamba neno moja linaweza kukataliwa kama cheo cha sanamu katika karne moja, na maana ile ile ikarudi kwa neno jingine karne kadhaa baadaye ikiwa vazi la Jina takatifu.

Kurudi huko kulitokeaje? Kidogo kidogo, na kulianzia ndani ya Biblia. Linganisha Zaburi ya 14 na ya 53. Ni zaburi moja. Ila anayechungulia kutoka mbinguni katika 14:2 ni BWANA, yaani zile herufi nne YHWH, na katika 53:2 ni Mungu, Elohim. Waliokusanya sehemu ile ya Zaburi walibadilisha kwa makusudi, na waliokusanya Biblia wakaziacha zote mbili. Baadaye Walawi 24:16, inayozungumzia kulikufuru Jina, ilipotafsiriwa kwa Kigiriki ilisema tu "anayelitaja Jina". Kwenye magombo ya Qumran, maandishi ya kale ya Wayahudi kutoka mapangoni karibu na Bahari ya Chumvi yaliyoanza kupatikana 1947, baadhi ya waandishi waliandika Jina kwa herufi za kizamani zilizokuwa hazitumiki tena, na wengine waliweka nukta nne tu. Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, inasimulia kwamba Siku ya Upatanisho makuhani na watu waliokuwa uani, wakisikia Jina likitoka kinywani mwa kuhani mkuu, walianguka kifudifudi. Na Talmudi, kitabu kikubwa cha mijadala ya marabi, imehifadhi kumbukumbu ya Rabi Tarfon, aliyekuwa wa ukoo wa kikuhani. Anasema aliwahi kupanda jukwaani nyuma ya mjomba wake, akatega sikio ili asikie, na kuhani mkuu akalimeza Jina ndani ya wimbo wa makuhani wenzake. Mwaka 70 BK Warumi walilichoma hekalu la Yerusalemu, na mahali pa mwisho pa kulitamka pakaondoka.

Kwa hiyo hakuna mtu hai anayejua kwa hakika matamshi yake. Waandishi Wayahudi walipoanza kuweka alama za irabu kwenye Biblia, kati ya karne ya 7 na ya 10, waliziwekea herufi YHWH alama za neno Adonai, Bwana wangu, kumkumbusha msomaji aseme Adonai. Wakristo wa Ulaya waliosoma herufi na irabu hizo kwa pamoja ndio waliotupa "Yehova". "Yahweh" nayo ni makadirio ya wasomi, yanayoegemea ushahidi wa pembeni kama ule wa Theodoret, askofu wa karne ya 5, aliyeandika kwamba Wasamaria walitamka kitu kama "Iabe". Ni makadirio mazuri, mimi nayakubali. Lakini "Yahuah" na "Yahusha" hayana hata msingi huo. Mtu anayemnyima mwenzake wokovu kwa sababu ya irabu ambazo hakuna ushahidi wa kale uliozihifadhi, amebebesha watu mzigo ambao hata yeye hana mizani ya kuupima.

Sasa tufike kwa Wakristo wa kwanza, maana hapa ndipo kiini kilipo. Wayahudi waliozungumza Kigiriki walipokuwa wakisoma Maandiko kwa sauti na kukutana na Jina, walisema Kyrios, Bwana. Kwenye magombo mengine Jina liliandikwa kwa herufi za Kiebrania katikati ya mistari ya Kigiriki, kama katika gombo la Manabii Wadogo lililopatikana Nahal Hever, bonde lililo karibu na Bahari ya Chumvi. Kwenye gombo moja la Mambo ya Walawi kutoka Qumran limeandikwa kwa Kigiriki, IAO. Msikilizaji alisikia Bwana. Chukua basi wimbo ulio katika Wafilipi 2, ambao Paulo aliuandika miaka kama 30 hivi baada ya kusulubiwa. Mungu amemkirimia Yesu "Jina lile lipitalo kila jina", ili kila goti lipigwe, na kila ulimi ukiri kwamba Yesu Kristo ni Bwana. Maneno ya goti na ulimi yametoka Isaya 45:23, ambamo Yahweh anaapa kwa nafsi yake kwamba hakuna mwingine. Hakuna jina lipitalo kila jina kwa Myahudi ila moja. Linakabidhiwaje kwa Yesu? Kupitia neno Bwana. Warumi 10 inafanya vivyo hivyo. Mstari wa 9 unasema ukimkiri Yesu kuwa ni Bwana utaokoka, na mstari wa 13 unathibitisha kwa kumnukuu Yoeli, kila atakayeliitia Jina la Bwana ataokoka. Kwa Yoeli, Bwana huyo ni YHWH. Paulo amejenga daraja lake lote juu ya neno moja linalobeba pande mbili. Liondoe, na mistari miwili hiyo haiongei tena.

Kuna waliosema kwamba cheo hiki kilitoka kwa wapagani. Mwaka 1913 mwanazuoni Mjerumani Wilhelm Bousset alidai kwamba Wakristo walianza kumwita Yesu Kyrios kwenye miji ya Kigiriki, kwa kuiga dini zilizowaita miungu wao hivyo, na hoja yake ilisikilizwa sana. Haikuwa hoja ya kijinga, kwa maana miji ile ilijaa mabwana wa kila aina. Lakini inakwama kwenye neno moja dogo mwishoni mwa 1 Wakorintho: Maranatha. Ni Kiaramu, maana yake "Bwana wetu, njoo". Paulo anawaandikia Wagiriki wa Korintho, mnamo mwaka 54 au 55, na haoni haja ya kulitafsiri. Maana yake ni kwamba lilishakuwa sala iliyozoeleka, nayo ilitoka kwa waamini wa Palestina waliozungumza lugha ya Yesu. Mar, au Mare, ndilo neno ambalo maandishi ya Kiaramu ya Qumran yanamwitia Mungu. Waliomwomba Yesu aje kwa neno hilo walikuwa Wayahudi, waliojua uzito wa walichokuwa wakisema. Na hawakuanzia hewani. Kutoka 23:21 ilishazungumza juu ya malaika ambaye Mungu anasema "jina langu limo ndani yake". Injili ya Yohana inaendelea na njia hiyo hiyo, kutoka "mimi niko" ya 8:58 hadi sala ya sura ya 17 juu ya jina ambalo Baba amempa Mwana.

Wanaotaka Jina lirudishwe wana hoja nzito, na nisingependa kuipita kando kwa sababu tu wengine wanaichanganya na upuuzi. Kutoka 3:15 inasema "hili ndilo jina langu hata milele". Herufi nne hizo zimo katika Biblia ya Kiebrania zaidi ya mara 6,800, na anayesoma BWANA peke yake anapoteza kitu. Zaburi 110:1 ni mfano. Kwa sikio la Kiswahili Bwana anamwambia Bwana, na anayesikiliza tu kanisani hawezi kujua kwamba wa kwanza ni YHWH na wa pili ni adoni, neno ambalo aliweza kuitwa hata mfalme. Hiyo ni hasara halisi. Tafsiri ya Ulimwengu Mpya ya Mashahidi wa Yehova ilijaribu kuitibu kwa kurudisha Jina, na katika Agano la Kale jambo hilo linaweza kutetewa. Lakini ililiingiza pia mara 237 katika Agano Jipya, ilhali kati ya hati zaidi ya 5,000 za Kigiriki za Agano Jipya zilizobaki, hakuna hata moja yenye Jina. Matokeo yake yanaonekana Warumi 10: mstari wa 9 una Bwana, wa 13 una Yehova, na daraja la Paulo limekatwa katikati. Wanakili wa kale wa Kikristo walifanya kinyume. Tangu karibu mwaka 200 tunawaona wakifupisha maneno machache tu, Mungu, Bwana, Yesu, Kristo, kwa herufi mbili au tatu na mstari juu yake. Neno Yesu limewekewa heshima ile ile ya kalamu kama neno Bwana. Kwa mkono wa yule mwandishi, Yesu ni jina la kufunikwa kwa unyenyekevu.

Imebaki hoja ya Zeus, ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote na ndiyo iliyomkosesha usingizi baba mdogo. Yoshua mwana wa Nuni aliitwa kwanza Hoshea, Musa akamwita Yehoshua, yaani Yahweh ni wokovu, inavyosema Hesabu 13:16. Baada ya uhamisho wa Babeli watu walilifupisha jina hilo kuwa Yeshua, na Nehemia 8:17 kwa Kiebrania inamwita Yoshua yule yule Yeshua. Wayahudi wa Aleksandria walipotafsiri Torati kwa Kigiriki katika karne ya 3 KK, waliandika Iesous. Kigiriki hakina sauti ya "sh", na jina la mwanamume lilihitaji "s" mwishoni, kama Yudas na Thomas. Basi. Wayahudi ndio waliolitengeneza, kwa ajili ya Yoshua, kabla ya Maria kuzaliwa. Kolosai 4:11 ina Yesu mwingine aitwaye Yusto, na hakuna aliyedhani ni mungu wa Olimpo. Isitoshe, Zeus yumo katika Agano Jipya kwa jina lake. Kule Listra, Matendo 14:12, watu walimwita Barnaba Zeu, na mitume wakararua mavazi yao. Kwa Kigiriki jina hilo hapo limeandikwa Dia, na mstari unaofuata Dios, sauti zisizokaribiana hata kidogo na Iesous. Mfanano unaodaiwa unasikika kwenye Kiingereza, katika silabi ya mwisho ya "Jesus", na walioileta hoja hii kwetu wameitafsiri pamoja na kosa lake. Kiswahili kiliiacha ile "s" ya Kigiriki. "Yesu" yetu inapotamkwa Singida au Bukavu iko karibu na Yeshua kuliko inavyotamkwa London.

Yako mambo ya kufanya, na si madogo. Vyama vya Biblia vinapochapisha upya, maelezo mafupi chini ya ukurasa wa Kutoka 3, Zaburi 110 na Hosea 2 yangewasaidia maelfu kuliko mahubiri kumi. Vyuo vya theolojia viwafundishe wachungaji historia hii bila kuogopa mitungi ya Sinai, maana vijana wataikuta kwenye simu zao kabla ya kuikuta kanisani. Wakatoliki wana mwongozo wao tangu Juni 2008, pale Kardinali Francis Arinze wa Nigeria, akiongoza idara ya liturujia ya Vatikani, alipowaandikia maaskofu kwamba Yahweh lisitamkwe kwenye nyimbo na sala za ibada. Wengi waliuona kama amri ya kizamani. Mimi nauona kuwa unajua ulikotoka, kwa sababu Bwana Yesu mwenyewe, katika sala aliyotufundisha, alisema "jina lako litukuzwe" na kumwita Baba. Na wanaobatiza watu upya wajiulize kwa nini Kigiriki cha Agano Jipya kimeliacha Jina mahali pamoja tu, katika neno Haleluya la Ufunuo 19, mara nne, ambamo "Yah" limo ndani ya wimbo unaoimbwa na kila kabila bila kudaiwa matamshi.

Hayo yote sikuweza kumweleza baba mdogo kwenye simu. Nilimwomba tu afungue Mathayo 27:46, naye akasoma kwa sauti, polepole, kama anavyosoma siku zote. Yesu msalabani analia "Eli, Eli". Marko ameandika "Eloi, Eloi". Ni jina lile la kale, El, la Hajiri na la Melkizedeki, likitoka kinywani mwa Mwana akiwa anakufa, na wainjili wawili wamelipokea kwa matamshi mawili. Waliosimama pale hawakulisikia vizuri. Walisema, huyu anamwita Eliya. Baba mdogo akanyamaza. Nikamwambia jina lake, Elia, ndilo hilo: Eli, Mungu wangu, na Yah. Majina yote mawili yamo, la mababu na la Musa, na amekuwa akiitwa hivyo tangu alipobatizwa.